Mikunjo Kumi na Tisa

Viungo navijua.
Bizari, pilipili manga, giligilani mbichi,
hivyo navijua kwa harufu, hata gizani,
miaka ishirini katika jiko hili nyuma ya stesheni ya Tbilisi.
Viungo vingine, vya vidole,
sikujua kama ninavyo
mpaka asubuhi ile ya Februari
viliponikatalia kifuniko cha chupa ya achari.

Mama mkwe akasema: baridi yabisi hiyo, vaa soksi.
Akanipaka mafuta ya bata bukini.
Mwezi mzima nikanuka karamu ya watu wengine.
Baridi? Mbona vinawaka?
Shika hapa, Ushangi, shika.
Mume wangu akashika, akautoa mkono upesi
kama aliyegusa mfuniko wa sufuria.

Kulia na kushoto,
kifundo kwa kifundo, vilevile,
kama mapacha waliopatana uongo mmoja.

Chanda chema huvikwa pete.
Changu kilivuliwa, kwa msumeno mdogo,
na sonara Avtandili, aliyeimba puani muda wote
ili nidhani hanioni nikilia.

Daktari Mzevinari akabonyeza kila kifundo kwa gumba
kama mnunuzi wa mapichi asiye na haraka.
Akasema: walinzi wa mwili wako wamekosea nyumba,
wanamvunjia mlango mwenyeji.
Nikauliza nimewakosea nini.
Akasema hilo hata vitabu havijui.
Kisha, kwa kalamu nyekundu, juu ya kisanduku: JUMATANO.
Mara moja kwa wiki. Si kila siku. Rudia.
Nikarudia.
Rudia tena.

Basi Jumatano usiku vidonge vya njano,
Alhamisi kichefuchefu na mto usoni,
Ijumaa kidonge cha foliki;
kila mwezi damu, kuliuliza ini kama bado linanivumilia.
Divai nimeiacha. Hebu fikiri: harusi ya mpwa,
msemaji wa meza anainua pembe, anatuombea afya,
nami, mwenye kuihitaji dua ile kuliko wote,
naipokea kwa juisi ya komamanga.

Wiki ya sita, hakuna kitu.
Wiki ya tisa nikavitupa vidonge,
nikaviokota kwa magoti chini ya kabati.
Wiki ya kumi na mbili nikafunga kifungo cha blauzi.
Nikakifungua, nikakifunga.
Ushangi alisubiri chai mpaka saa tatu.

Usidhani nimepona.
Yapo majuma mwili mzima ni gunia la unga lililonyeshewa,
na uchovu ule hauna habari na usingizi.
Siku hizo nafunga mikono kwenye gango, natulia.
Zikipita naitembeza tena, kidole kwa kidole,
ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.
Mwiko wangu nimeuvika mpira wa baiskeli, unene wa mahindi,
na kukunja sasa anakunja Tornike, mwana wa jirani,
mwenye mikono ya fundi na akili ya kuku.

Maana hinkali, kama huijui,
ni kifuko cha unga chenye nyama na mchuzi wake,
hufungwa juu kwa mikunjo kumi na tisa,
na mteja wa hapa huhesabu.

Jana Tornike alichelewa. Nikakunja mimi.
Kumi na moja. Kumi na mbili. Ule wa kumi na tano
ukapasuka, mchuzi ukanitiririka hadi kiwikoni.
Nyingine zikafungika kwa kumi na nne. Nikazipeleka.
Mzee mmoja wa reli akaigeuza yake, akahesabu kwa midomo:
“Nazibrola, hapa nakudai mikunjo mitano.”
Andika, nikamwambia.

Kile kifundo cha juu hawakili.
Wanakiacha sahanini, mhudumu anavihesabu, anajua bili.
Nami alfajiri nahesabu vyangu,
kabla sijathubutu kukunja ngumi:
hiki kinauma, hiki kinauma,
hiki leo kimenisahau.